Sauti Aingia Chuo Kikuu

Katika mji ule alikuwapo mwanamke ambaye watu wengi walimjua kwa sauti tu. Uso wake hawakuwahi kuuona. Alikuwa mpokea simu katika kituo cha dharura, mahali zinakoingia simu za moto, ajali na wagonjwa waliozidiwa, na wenzake kazini wakambandika jina la Sauti. Jina likamkaa. Ilikuwa sauti nzito kidogo, isiyo na haraka, na mtu aliyekuwa akipiga mayowe akiisikia alishusha pumzi na kukumbuka anakaa mtaa gani. Nyumbani mumewe, fundi friji, alimwita Mama Pacha, maana walijaliwa mabinti mapacha waliokuwa wakisoma sekondari. Mabinti hao walikuwa wakisema mama yao hajawahi kuwapigia kelele tangu wazaliwe, na ndiyo maana wanamwogopa.

Chumba cha simu kilikuwa ghorofani, juu ya banda la magari ya zimamoto. Madirisha yake hayakufunguka. Meza zilipangwa nusu duara mbele ya ramani kubwa ya mji iliyochakaa pembeni, na viti vilikuwa vimebonyea kwa kukaliwa na zamu zote, isipokuwa kimoja chenye mto wa maua, ambacho kilikuwa cha Mzee Subiri na mtu mwingine hakukigusa. Mzee Subiri ndiye aliyekuwa mkongwe wa chumba kile. Jina lake nalo lilitokana na kazi, kwa sababu kila aliyempigia alimwambia, "Subiri, mwanangu, wanakuja," hata kama mpigaji alikuwa amemzidi umri.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu wake. Kwanza unauliza, "Uko wapi?" Ukishajua alipo ndipo unauliza, "Kuna nini?" Unatuma gari, unabaki na mtu kwenye simu mpaka gari lifike, halafu laini inakatika na taa ya simu nyingine inawaka. Sauti aliifanya kazi hiyo miaka mingi na aliiweza barabara.

Siku moja saa za mchana alipiga simu mama mmoja ambaye mumewe alikuwa ameanguka bafuni na hapumui. Sauti akamwelekeza namna ya kumkandamiza kifua, akamhesabia mapigo kwa sauti ileile tulivu, huku yule mama akilia na kukandamiza, akilia na kukandamiza. Mwishowe akasikia mlango unafunguliwa kwa kishindo, viatu, watu wanaongea kwa pamoja. Laini ikakatika. Kabla hajameza mate, taa nyingine ikawaka, na bwana mmoja akataka kujua umeme wa mtaani kwao utarudi lini. Sauti akamjibu kwa adabu kwamba hapo si shirika la umeme.

Jioni alikuwa jikoni anamenya viazi, kisu kikamtoka mkononi. Akakiokota, kikamtoka tena. Akautazama mkono wake ukitetemeka kama si wa kwake. Mambo yakaendelea hivyo kwa wiki kadhaa: mlango ukibamizwa popote, yeye yuko bafuni kwa watu asiowajua. Kazini akamwendea mkuu wa zamu.

"Mkuu, yule baba wa bafuni alipona?"

"Yupi?"

Akamweleza. Mkuu wa zamu akamtazama kwa huruma. Hakuwa mtu mbaya. "Dada Sauti, hayo si yetu. Yetu ni kupokea na kutuma. Ukianza kuwafuata wote, utawamaliza?"

Sauti akarudi kwenye kiti chake. Lakini kuanzia siku hiyo akawa na swali lililomkera kama kijiwe kwenye kiatu. Alitaka kujua kichwa cha mtu kinafanya nini na mambo ambayo masikio yameyasikia. Akamuuliza muuguzi aliyemfahamu, muuguzi akamwambia apumzike. Akauliza kwenye maombi, akaambiwa asali. Alipumzika na alisali, na swali likabaki palepale. Ndipo aliposikia redioni kwamba chuo kikuu cha mji wao kimefungua masomo ya jioni ya saikolojia, hata kwa watu walio kazini.

Alimwambia mumewe siku ya mapumziko, wakati fundi amezamisha kichwa na mabega nyuma ya friji la jirani.

"Baba Pacha, nataka kusoma."

"Kusoma nini?" sauti ikatokea nyuma ya friji.

"Saikolojia."

"Ile ya kusoma mawazo ya watu?"

"Hapana. Ile ya kujua kwa nini mkono unatetemeka na hakuna kitu kimeugusa."

Fundi akatoa kichwa. Vumbi lilikuwa limemjaa nyusi. Ule mkono alikuwa ameuona siku nyingi akanyamaza, hakujua aanzie wapi. "Basi kasome," akasema. "Chakula cha jioni nitapika mimi. Mapacha watajua wenyewe pa kukimbilia."

Mama mzazi wa Sauti, ambaye alikuwa mshonaji nguo mstaafu na alikaa mtaa wa pili, hakuipokea habari hiyo vizuri. Aliweka kikombe chini. "Yaani na umri huo, mwanangu, unakwenda kusomea vichaa?"

"Sisomei vichaa, mama. Nasomea watu."

"Watu umekaa nao tangu nikuzae. Hujawashiba tu?"

Mtaani nako zikawa ni kejeli juu ya kejeli. Muuza duka alikuwa akiziba paji la uso kwa kiganja kila alipomwona. "Shemeji, usinisome leo, nina siri!" Sauti alicheka naye. Alikwishaamua, na akiamua jambo huwa habishani, hulifanya tu.

Jioni ya kwanza alifika moja kwa moja kutoka zamu, amevaa sare ya kazi, begi begani. Alipoingia ukumbini vijana wakanyamaza ghafla, simu zikaingia mifukoni, na binti mmoja akakimbilia kumfutia ubao. Sauti akasimama mlangoni, akaelewa.

"Jamani, mimi mwenzenu," akasema.

Ukumbi ukaangua kicheko. Yule binti aliyefuta ubao akajifunika uso kwa aibu, kisha akamsogezea kiti karibu yake, na kuanzia hapo wakawa wanakaa pamoja mpaka siku ya mwisho ya chuo.

Mhadhiri alipoingia kweli, alikuwa mama mfupi mwenye miwani mikubwa, mwepesi kama shomoro. Wanafunzi walimwita Ushahidi. Sababu ilijulikana kabla kipindi hakijaisha. Mmoja alisema watoto wa kwanza huwa na akili zaidi, mwingine akasema wanawake huumia haraka kuliko wanaume, mwingine akasema ndoto hutabiri mambo, na wote walijibiwa kwa maneno yaleyale: "Inawezekana. Ushahidi uko wapi?" Sauti alikuwa amekuja kutafuta majibu, na hapo alipewa maswali juu ya swali lake. Cha ajabu ni kwamba alifurahi. Alirudi nyumbani akitembea haraka kuliko alivyokwenda.

Basi akasoma. Alisoma juu ya kumbukumbu, na namna mtu anavyoweza kukumbuka kwa uhakika jambo ambalo halikutokea. Alisoma juu ya hofu, na jinsi mwili unavyotangulia kukimbia kabla akili haijajua inakimbia nini. Siku alipofika hapo kwenye kitabu alikiweka magotini, akautazama mkono wake muda mrefu. Haukuwa wa kichaa. Ulikuwa mkono wa mtu aliyetahadharishwa akakosa pa kukimbilia. Akamwita mumewe akamsomea ukurasa mzima, na fundi, aliyekuwa anakoroga ugali, akasikiliza mpaka ugali ukashika chini.

Lakini kulikuwa na takwimu. Huko maji yalimfika shingoni. Wastani alijua, asilimia alijua, lakini walipoanza kuzungumzia uwezekano wa jambo kutokea kwa bahati tu, kichwa kilimzunguka. Alifanya mtihani akashindwa. Matokeo yalipotoka aliingia msalani, akafungulia maji ya bomba ili asisikike, akalia kama mtoto. Kisha akanawa uso akaenda zamu, akapokea simu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Yule binti wa ubao ndiye aliyemtoa. "Mama, tufanye hivi," alimwambia. "Sisi tutakufundisha takwimu. Wewe utufundishe kuhoji watu. Mimi nikimhoji mtu anajibu 'ndiyo' na 'hapana' tu, halafu anaondoka."

Wakawa wanakutana, kikundi cha vijana na yeye, kwenye meza ya simenti nyuma ya maktaba. Walimfundisha kwa njia waliyojua kwamba ataielewa. "Chukua simu zenu," walimwambia. "Siku moja mnapata za moto nyingi. Je, mji umeanza kuungua kuliko zamani, au imetokea tu?" Hapo taa ikawaka. Hilo swali alikuwa anajiuliza kila zamu bila kujua kwamba lina jina. Naye akawafundisha vijana kunyamaza. Aliwaambia mtu akimaliza kusema usidakie, hesabu pumzi zako, kwa sababu jambo lenyewe huja baada ya kimya. Mwanzoni walishindwa, wakawa wanatazamana na kucheka. Baadaye wakaweza, na ikawa meza yao inasifika chuoni kwa utulivu.

Mtihani wa marudio aliufaulu vizuri. Mama yake alipoambiwa akauliza, "Takwimu ndiyo nini?" Akaelezwa. "Aa," akasema, "kumbe ni hesabu. Hesabu mbona ulizipata kwangu." Kesho yake muuza duka alikuwa anajua, na jirani wa muuza duka pia.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hufanya utafiti wake. Sauti hakufikiri mara mbili. Alitaka kujua ni simu za namna gani zinazowaumiza wapokea simu na kukaa nao muda mrefu. Alikuwa na jibu tayari, akamwambia Ushahidi: waliosikia mtu akifa ndio wanaoumia kuliko wote.

"Hilo unalijua au unalidhani?" akauliza Ushahidi.

"Nalijua, mwalimu. Nimekaa kwenye kile kiti."

"Basi liandike ukurasa wa kwanza, kwa wino. Halafu nenda kalitafutie ushahidi."

Alipata ruhusa ya kuhoji zamu nyingine za kituo chake na vituo vya miji ya jirani, kwa masharti kwamba hakuna atakayelazimishwa wala kuandikwa jina. Ruhusa ikapatikana, watu wakakosekana. Wenzake waliomgawia chai kila siku wakawa wanamkwepa ngazini. Mzee Subiri, aliyekuwa amehamia zamu nyingine na mto wake wa maua, ndiye aliyesema wazi.

"Dada Sauti, nakuheshimu. Lakini mimi sina wazimu."

Sauti akaondoka pale amevunjika moyo. Akamwendea yule binti wa ubao. "Nihoji mimi," akamwambia. "Maswali yangu mwenyewe. Nataka nijue yanauma wapi."

Walikaa kwenye meza ya simenti. Binti akauliza, akanyamaza kama alivyofundishwa. Na Sauti, ambaye watu wa mji mzima walitulizwa na sauti yake, alipofika katika kusimulia kwenye ule mlango wa bafuni, sauti ikakatika. Alilia bila kufungulia bomba lolote. Binti alimshika tu kiwiko. Ilipokwisha, Sauti akahisi njaa, njaa ya kweli, akanunua maandazi wakala wote wawili.

Alirudi kituoni akawaambia wenzake hivyohivyo, hakupunguza wala hakutia chumvi. "Nimehojiwa maswali haya, nililia. Halafu nilikula maandazi mengi. Anayetaka, nipo. Asiyetaka, chai tutakunywa vilevile."

Mzee Subiri akacheka, akasema maandazi yake yawe ya moto.

Wakaketi katika chumba kidogo cha stoo, kati ya mipira ya maji iliyokunjwa na helmeti kuukuu. Mzee alisimulia simu nyingi bila shida, hata ile ya kijana aliyekata roho huku anamwomba amsalimie mama yake. "Ile niliilia," alisema. "Nilikwenda mpaka mazishini, nikasimama nyuma. Imekwisha." Kisha akakaa kimya. Sauti hakumdakia. Kimya kikawa kirefu, mpaka mlio wa friji la stoo ukasikika.

"Kuna binti mmoja," mzee akasema, "alikwama kwenye lifti, moshi unaingia. Nilimwambia, subiri, mwanangu, wanakuja. Akasema, sawa baba. Laini ikakatika. Basi."

"Ikawaje?"

"Si ndiyo nakwambia? Sijui." Akajifuta uso kwa kiganja. "Miaka yote hii, Dada Sauti, nikiingia kwenye lifti yoyote namwangalia kila binti. Nasema labda huyu."

Sauti alitoka mle stoo ameduwaa. Akadhani ni mzee peke yake. Lakini katika miji ya jirani, watu ambao hawajawahi kuonana na Mzee Subiri walimwambia jambo hilohilo kwa maneno yao. Mmoja alikuwa anapita mbele ya nyumba fulani kila Jumapili bila kujua kwa nini. Mwingine alikuwa anasoma matangazo ya vifo gazetini akitafuta jina alilolisikia mara moja tu. Alipokaa na vijana wakaweka majibu kwenye takwimu, zile alizoziogopa, jibu lilikuwa palepale. Simu zilizokaa na watu zilikuwa zile zisizo na mwisho, kuliko hata zile zilizoishia kifoni.

Alipeleka matokeo kwa Ushahidi kichwa chini. "Mwalimu, nilikosea. Niliyoandika ukurasa wa kwanza siyo."

Ushahidi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa sketi, akaivaa tena. "Nimefundisha hapa maisha yangu yote," akasema. "Unajua ni wangapi wanaokuja kuniambia hivyo na data mkononi? Keti. Tuandike vizuri. Na useme pia usichokijua, maana uliowahoji ni wachache."

Siku ya kutetea utafiti, chumba kilikuwa na meza ndefu na glasi za maji. Profesa mmoja wa jopo, mwenye kisigino cha kiatu kinacholia kila akitikisa mguu, alimbana. "Wewe ni mpokea simu, umehoji wapokea simu, na wengine ni marafiki zako. Tutajuaje hukusikia kile ulichotaka kusikia?"

Sauti akashusha pumzi. Alipoanza kujibu ilikuwa ile sauti ya kazini.

"Swali ni la haki, Profesa. Ndiyo maana majibu yalisomwa pia na watu ambao hawajawahi kukanyaga kituo chetu. Na nilichotaka kusikia kipo ukurasa wa kwanza. Nilikuwa na uhakika nacho. Ushahidi umekikataa."

Kiatu kikaacha kulia. Profesa akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma, akatabasamu. Mwalimu Ushahidi alikuwa amegeukia dirishani, lakini mabega yake, yaliyokuwa yakitikisika kwa kicheko, yalimsaliti.

Alipita, na kwa alama za juu. Hakuishia hapo. Aliuchukua utafiti wake akaupeleka kwa mkuu wa kituo, bwana mrefu mwenye sharubu zilizochongwa, akamwomba mambo mawili tu. Mpokea simu akimaliza simu nzito, mwenzake amshikie kiti apumue. Na wanaokwenda kwenye tukio wakirudi, wamwambie aliyepokea simu ile mambo yaliishaje.

Mkuu wa kituo akasugua sharubu. "Na mwisho ukiwa mbaya?"

"Mwisho mbaya mtu anauomboleza, Mkuu. Usiojulikana atauombolezaje?"

Mkuu akakubali, shingo upande, wajaribu kwanza. Haikupita wiki, kiongozi wa waokoaji alipanda ngazi na viatu vyake vya matope mpaka chumba cha simu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akauliza nani alipokea simu ya ukuta uliomwangukia mama wa watu. Mzee Subiri akainua mkono polepole kama mwanafunzi asiyejua amefanya nini.

"Tumemtoa, mzee. Mguu umevunjika. Yuko hospitali anamtukana kila mtu, pamoja na daktari."

Mzee Subiri alicheka mpaka akakohoa, akaondoa hedifoni kichwani, akacheka tena. Chumba kizima kikacheka naye. Sauti hakuwa na zamu siku hiyo, ila alikuwa amekuja kuangalia jaribio linavyokwenda, akasimama kando ya ramani asitake kuonekana. Lakini wote waligeuka wakamtazama, na mkuu wa zamu, yuleyule aliyewahi kumwambia hayo si yetu, akaanza kupiga makofi. Utaratibu ule haukuondolewa tena. Vituo vya jirani vikatuma watu kuja kuuona, na wakija, waliambiwa, "Muulizeni Dada Sauti, ni kazi yake."

Mahafali yalifanyika uwanjani, jua kali. Mama yake alifika mapema kuliko wahitimu. Alilishika joho la binti yake, akaligeuza pindo, akasonya. "Chuo kikuu kizima, na wanashona hivi?" Akatoa sindano kwenye mkoba, akamrekebishia upindo palepale amechuchumaa kwenye majani, na wahitimu wengine walipoona wakajipanga nyuma na majoho yao. Hakumfukuza hata mmoja. Kila aliyemaliza kushonewa alipigwa kidogo begani na kuambiwa, "Haya, nenda. Yule pale mbele ni wangu."

Jina lilipoitwa, jina lake kamili ambalo kazini hakuna aliyelijua, mapacha walipiga vigelegele mpaka mmoja akapoteza sauti. Fundi friji alijaribu kupiga picha, machozi yakamzuia, picha zote zikatoka za anga. Mzee Subiri alikuwepo na suti ya zamani. Mwalimu Ushahidi, jukwaani, alimshika mkono kwa mikono miwili.

Sauti alikuwa mtu asiyejisifu. Tangu utotoni alifundishwa kwamba kazi ikionekana inatosha. Lakini aliposhuka jukwaani, mama mmoja asiyemjua alimzuia njiani, akamtazama joho, akamtazama uso wake wa mtu mzima.

"Dada, hii digrii ni yako kweli? Ya nini?"

"Ni yangu," akasema Sauti, kwa sauti ya kutosha watu wa mistari ya nyuma. "Ya saikolojia."